Rangi ya Kuhimili Joto kwenye Ekzosi: Lini Inafaa, Lini ni Hasara

Matini ya mazungumzo na wakazi wa Galula, Wilaya ya Songwe



Jambo tulilokuja nalo leo ni dogo kwa umbo. Linakaa ndani ya kopo moja la rangi. Katika maduka ya vipuri, kuanzia Tunduma hadi Mbalizi na mpaka huku bondeni, yanauzwa makopo ya kupulizia yaliyoandikwa kwamba rangi iliyomo inahimili joto kali na kwamba inafaa kwa ekzosi, yaani bomba la moshi pamoja na viungo vyake vyote. Walaji wanatuuliza kama makopo hayo yana faida, na wengine wanauliza baada ya kununua, rangi ikiwa imekwisha kubabuka. Swali lenyewe ni halali, kwa sababu ekzosi ikioza gharama yake si ndogo, na mtu akiambiwa kwamba kopo moja litaiokoa, hushawishika.

Tutatoa jibu letu mapema ili asiyeweza kukaa mpaka mwisho aondoke nalo. Kwa gari ambalo limetembea miaka mingi na ekzosi yake imekwisha kushika kutu, rangi hiyo haitarefusha maisha ya ekzosi kwa kiasi cha kustahili fedha yako. Kwa sailensa mpya iliyochomelewa na fundi kwa bati jeusi, na kwa ekzosi ya pikipiki ambayo bado ni nzima, rangi inafaa, ila ikiwa ni ile ya kweli na imepakwa kwa utaratibu wake. Na kwa ekzosi iliyotoboka, kupaka rangi juu yake ni hatari kwa maisha ya watu waliomo garini. Yanayofuata ni maelezo ya kwa nini tunasema hivyo.

Tuanze na joto lenyewe. Watu huzungumzia ekzosi kana kwamba ni kitu kimoja chenye joto moja. Sivyo. Moshi wa injini ya petroli unapotoka kwenye manifodi, pale palipofungwa kwenye injini, waweza kufikia nyuzi 700 hadi 900 za Selsiasi injini inapofanya kazi nzito. Ninyi mnaifahamu kazi nzito hiyo: ni gari lililojaa magunia ya mpunga na abiria, likipanda kutoka bonde hili kuelekea Mbalizi kwa gia ndogo, jua likiwa utosini. Ukifungua boneti usiku baada ya mwendo wa namna hiyo, si ajabu kuona manifodi inang'aa wekundu hafifu, kwa maana chuma huanza kung'aa gizani kinapofika nyuzi kama 500. Kadiri moshi unavyosafiri kuelekea nyuma, ndivyo unavyopoa. Ukifika kwenye sailensa ya nyuma, joto la bati lake la nje kwa kawaida huwa nyuzi mia mbili au tatu hivi, na pengine chini ya hapo. Kwa hiyo rangi itakayodumu kwenye sailensa yaweza kuungua kabisa kwenye manifodi ya gari hilohilo. Muuzaji asiyekuuliza unataka kupaka sehemu gani hajakusaidia.

Rangi ya kawaida, ile inayopakwa kwenye mwili wa gari, geti au dirisha, huharibika ikifika nyuzi mia moja hamsini au mia mbili hivi. Hubadilika rangi, hutoa moshi wenye harufu kali, kisha huwa vumbi. Rangi ya kuhimili joto imeundwa kwa gundi ya namna nyingine, yenye silikoni, na mara nyingi huchanganywa na unga laini wa alumini. Rangi nzuri ya aina hiyo, iliyopakwa na kukaushwa ipasavyo, hustahimili takribani nyuzi 540 hadi 650. Hicho ni kiwango cha heshima, na kinatosha sehemu kubwa ya bomba na sailensa. Kwa manifodi inayopanda mlima kila siku, kinaweza kisitoshe.

Hapa tunaomba mtusikilize kwa makini, maana ndipo fedha za walaji wengi zinapopotelea. Makopo mengi huandikwa joto kwa kipimo cha Farenihaiti, kinachotumika Marekani, wakati sisi huku tumezoea Selsiasi. Kopo linaandikwa 1200 kwa herufi kubwa, na herufi F ndogo pembeni yake, wakati mwingine ndogo kiasi cha kuhitaji miwani. Mnunuzi husoma 1200 akadhani ni nyuzi 1200 za Selsiasi, joto ambalo hata alumini na shaba zingekwisha kuyeyuka. Ukweli ni kwamba 1200 za Farenihaiti ni sawa na nyuzi 649 tu za Selsiasi. Hesabu yake ni nyepesi, na kijana yeyote wa sekondari anaweza kuifanya kwa simu: chukua namba iliyoandikwa, toa 32, zidisha kwa 5, gawanya kwa 9. Kopo lililoandikwa 2000 za Farenihaiti ni nyuzi 1093 za Selsiasi, na mara nyingi hapo huwa pameongezwa maneno madogo kwamba kiwango hicho ni cha muda mfupi tu, si cha kudumu. Namba kubwa kwenye kopo ni tangazo, na kipimo halisi kiko kwenye maandishi madogo. Na kopo lenye namba isiyo na F wala C usilinunue, kwa sababu hujui umeahidiwa nini.

Sasa tuje kwenye kutu, kwa kuwa ndiyo inayowafanya watu wanunue rangi.

Wengi huamini kwamba ekzosi huliwa na kutu kutoka nje, kwa matope, mvua na maji ya mito tunayovuka. Ni kweli kwa sehemu. Lakini adui mkubwa wa sailensa yuko ndani yake. Petroli inapoungua hutoa maji. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa takribani lita moja ya maji, yakiwa katika hali ya mvuke. Ndiyo maana asubuhi gari linapowashwa huonekana matone yakidondoka kwenye mdomo wa bomba, na wenye gari hushtuka wakidhani injini imeharibika. Gari likienda safari ndefu, ekzosi yote hupata moto na mvuke hutoka nje. Gari likienda safari fupi, kutoka nyumbani hadi sokoni na kurudi, sailensa haipati moto wa kutosha. Mvuke hugeuka maji na kutuama humo ndani pamoja na tindikali iliyotokana na moshi. Bati huliwa kutoka ndani kwenda nje, kimyakimya, siku baada ya siku. Siku utakayoiona kutu juu ya bati, bati hilo limekwisha kuwa jembamba kama karatasi.

Rangi unayopuliza nje haifiki huko ndani. Hapo ndipo ahadi ya kopo inapoishia, na hakuna muuzaji anayelieleza jambo hili, pengine kwa sababu naye hajaelezwa.

Tuongeze jambo moja ambalo mafundi watatuwia radhi kulisema mbele ya wateja wao. Sailensa nyingi za kiwandani zimeachiwa kijitundu kidogo upande wa chini. Kijitundu hicho kimewekwa makusudi ili maji tuliyoyataja yapate pa kutokea. Tunajua kuwa kuna magari yaliyozibwa kijitundu hicho kwa kuchomelea, mwenye gari akiamini ametengenezewa sailensa iliyotoboka. Ukikiona kijitundu cha duara, safi, cha ukubwa wa njiti ya kiberiti hivi, kiache. Kuhakikisha kwamba hakijazibwa na tope, na kuliendesha gari safari ndefu mara mojamoja mpaka ekzosi ipate moto barabara, kutaisaidia sailensa yako kuliko makopo mawili ya rangi, na hakugharimu kitu zaidi ya mafuta.

Kuna ekzosi za magari mengine zilizotengenezwa kwa chuma kisichoshika kutu kwa urahisi, au kwa bati lililopakwa alumini kiwandani. Hizo hazihitaji rangi kabisa. Namna rahisi ya kuzitambua ni kwamba baada ya miaka mingi huwa zimefifia na kuwa na rangi ya kijivu au ya dhahabu iliyochujuka, bila magamba. Kuzisugua kwa msasa ili zipakwe rangi ni kuziondolea ngao zilizozaliwa nayo.

Ni ipi basi inayofaa kupakwa? Hapa Galula, kwa maoni yetu, ni sailensa inayotengenezwa mtaani. Mtu sailensa yake imekufa, ya dukani hawezi au haipatikani kwa gari lake, anakwenda kwa fundi wa kuchomelea, naye anakunja bati jeusi na kumuundia nyingine. Kazi hiyo ni ya kuheshimiwa na mara nyingi ni imara. Lakini bati jeusi halina kinga yoyote, na mshono wa kuchomelea ndio unaoshika kutu kwanza, kwa sababu moto umeunguza ngozi ya chuma pale. Sailensa kama hiyo ikiwa mpya, kabla haijafungwa kwenye gari, inafaa ipakwe rangi ya kuhimili joto, na mishono ipakwe kwa uangalifu kuliko sehemu nyingine. Mwombeni fundi aiweke gharama hiyo katika bei yake tangu mwanzo. Ikiwa bati alilotumia ni la mabati ya kuezekea, yaliyopakwa zinki, basi msimkubalie: zinki huyeyuka kwa nyuzi 419, na moshi wake wakati wa kuchomelea humtia fundi homa na kifua.

Swali la gharama kila mmoja alipime kwa hesabu yake mwenyewe. Uliza bei ya kopo, uliza idadi ya makopo yatakayohitajika, ongeza msasa, thina na ujira wa fundi wa kuifungua na kuifunga tena ekzosi. Kisha uliza bei ya kuunda sailensa nyingine. Ikiwa jumla ya kwanza inakaribia nusu ya ile ya pili, na ekzosi yako si mpya, weka akiba hiyo fedha kwa ajili ya sailensa. Na tukumbuke kwamba nchi kavu kama hii yetu haina chumvi ya hewani kama Tanga, Dar es Salaam au Unguja, ambako kutu ya nje inakwenda kasi zaidi. Ushauri anaopewa mtu wa pwani si lazima uwe ushauri wako. Isipokuwa wale wanaobeba samaki kutoka Ziwa Rukwa: maji ya ziwa lile yana magadi, na ya samaki waliotiwa chumvi ni mabaya zaidi. Yakichuruzika chini ya gari, yaoshwe siku hiyohiyo.

Kabla ya kueleza utaratibu wa kupaka, tuseme neno juu ya vitu viwili vinavyotumika badala ya rangi halisi. Cha kwanza ni rangi ya silva ya kopo la kawaida, ile inayopakwa kwenye mageti na matangi. Kwa macho inafanana sana na rangi ya ekzosi. Unga wake wa alumini unaweza kuhimili joto, lakini gundi inayoushikilia haiwezi, na baada ya safari chache unga hubaki bila gundi na kupeperuka. Cha pili ni oili chafu. Ni desturi ya siku nyingi kupulizia oili iliyomwagwa kwenye injini chini ya gari ili kuzuia kutu. Tukiacha madhara yake kwa udongo na visima vyetu, oili hiyo ikigusa ekzosi yenye moto huungua, hutoa moshi unaoingia garini, na ikiwa nyingi yaweza kuwaka. Mwezi wa tisa na wa kumi, nyasi zikiwa kavu na mabua yamelala shambani, cheche moja chini ya gari inatosha. Gari lenye moto lisiegeshwe juu ya nyasi ndefu, liwe limepakwa rangi au halikupakwa, na yale mabati membamba yanayokinga joto juu ya ekzosi yasitolewe na kutupwa kwa sababu tu yanapiga kelele. Yakazwe.

Tumekwisha kusema kwamba ekzosi iliyotoboka isipakwe. Turudi hapo, maana ndilo jambo zito kuliko yote tuliyokuja nayo.

Moshi wa gari una gesi ya kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu wala ladha. Ndiyo ileile inayowaua watu wanaolala na jiko la mkaa chumbani. Ekzosi nzima huipeleka nyuma ya gari na kuimwaga hewani. Ekzosi iliyotoboka katikati huimwaga chini ya sakafu, na sakafu ya gari kuukuu ina matundu ya kutosha kuipitisha. Dalili zake ni kichwa kuuma, kichefuchefu, kizunguzungu na usingizi usio wa kawaida, na kwa kuwa barabara ina vumbi na gari limejaa, abiria hudhani amechoka kwa safari. Mtoto aliyelala kiti cha nyuma hatasema lolote.

Sasa fikirini mtu anayenunua rangi nzito, pengine na gundi ya kuzibia, akafunika tundu la ekzosi ili lisionekane. Kelele inapungua kwa siku kadhaa na ekzosi inapendeza. Kisha mtikisiko wa barabara unalifungua tundu lilelile chini ya rangi, naye hana habari kwa sababu kwa macho yake ekzosi ni mpya. Tunawasihi wamiliki wa magari ya abiria, hasa yale yanayobeba watu usiku madirisha yakiwa yamefungwa: kabla ya rangi, gongeni ekzosi taratibu kwa mpini wa bisibisi urefu wake wote. Chuma kizima hulia. Chuma kilichooza hutoa mlio mfu, na wakati mwingine bisibisi huingia ndani. Ikiingia, kitakachofaa ni kukata na kuchomelea, au kubadilisha.

Jaribio hilo la bisibisi linafaa pia kwa mnunuzi wa gari lililotumika. Magari mengi yanayotufikia yametoka Japani, na yale yaliyoishi sehemu za kaskazini za nchi ile yamepita majira mengi ya baridi kwenye barabara zilizonyunyiziwa chumvi ili kuyeyusha theluji. Chumvi hiyo hula vyuma vya chini. Ukiinama ukakuta chini ya gari pamepakwa rangi nyeusi mpya inayometa mpaka kwenye ekzosi, usifurahi haraka. Yaweza kuwa kinga ya kweli, na yaweza kuwa kifuniko. Mwambie muuzaji unataka kugonga. Asiyekubali amekujibu.

Tuseme basi una sailensa mpya, au ekzosi nzima ya pikipiki, na umenunua rangi ya kweli. Kazi yote iko katika maandalizi, nayo ndiyo mafundi wenye haraka huiruka. Kutu yote iondolewe kwa brashi ya waya na msasa mpaka chuma king'ae. Kisha pafutwe kwa thina na kitambaa safi, kwa sababu mafuta kidogo tu ya vidole yataifanya rangi ibabuke mahali hapo. Wengine husafishia petroli. Petroli hulipuka, na huacha mafuta nyuma yake. Praima ya kawaida na fila ya bodi visitumike chini ya rangi hii, kwa maana vitaungua na kuinua rangi iliyo juu yake. Rangi ipulizwe mara mbili au tatu, nyembamba kila mara, na kuachwa ikauke kati ya mkono mmoja na mwingine kama kopo linavyoelekeza. Ikipakwa nene itafanya malengelenge.

Halafu inakuja hatua ambayo karibu kila mtu huisahau: kuichoma. Rangi ya silikoni haikomai kwa kukauka hewani. Ukiigusa kesho utadhani imekauka, lakini ni laini bado, na tone la petroli litaiondoa. Inakomaa kwa kupashwa moto hatua kwa hatua. Maelekezo ya kawaida ni kuipasha kwenye nyuzi kama 120 kwa nusu saa, kuiacha ipoe, kisha nyuzi kama 200 kwa nusu saa, kuiacha ipoe, na mwisho nyuzi kama 315. Kwa ekzosi iliyokwisha kufungwa, hufanywa kwa kuiwasha injini bila kuondoka: dakika 10 na kuzima mpaka ipoe, dakika 20 na kuzima tena, kisha nusu saa. Fuateni maandishi ya kopo lenu, kwani yanatofautiana. Moshi na harufu vitatoka mara za kwanza, na hilo ni la kawaida. Kazi hii ifanyike nje, mahali penye upepo. Kuwasha injini nusu saa ndani ya banda lililofungwa ni kujiua, kwa gesi ileile tuliyoieleza.

Kuna sehemu zisizopakwa. Sensa ya oksijeni, ile inayochomoza kwenye bomba ikiwa na waya, ifunikwe kwa karatasi kabla ya kupuliza, maana nyingi huhitaji kuvuta hewa safi kutoka nje, na rangi huziba njia hiyo. Baada ya hapo taa ya injini itawaka na gari litakula mafuta. Masega, yaani kile chombo chenye vitundu kama vya sega la nyuki kinachosafisha moshi, huwa na joto kali sana na kiachwe kama kilivyo. Mipira inayoning'iniza ekzosi nayo isipigwe rangi.

Makopo yenyewe yana hatari yake. Yameshindiliwa gesi inayowaka, na mengi yameandikwa onyo la kutoyaweka kwenye joto linalozidi nyuzi 50. Ndani ya gari lililofungwa kwenye jua la Galula, juu ya dashibodi, joto hilo hufikiwa bila shida. Kopo tupu lisitupwe kwenye moto wa takataka, na mtoto asipewe la kuchezea.

Vijana wa bodaboda, kwenu rangi ina maana zaidi, kwa sababu ekzosi yenu iko nje, inapigwa na tope na kila mtu anaiona. Ikiwa mipako yake ya kiwandani imebanduka, kuisugua na kuipaka kwa utaratibu huu ni matumizi mazuri ya fedha. Lakini rangi haipunguzi joto linalomfikia abiria. Tumesikia wauzaji wakisema kwamba inapoza ekzosi, inaongeza nguvu na kupunguza ulaji wa mafuta. Utando mwembamba wa rangi uliopulizwa nje hauwezi kufanya hayo. Kuna mipako ya kauri inayochomwa kwenye tanuru maalumu kwa magari ya mashindano, ambayo huzuia joto kwa kiasi fulani. Hiyo ni kazi nyingine na bei nyingine, wala haimo ndani ya kopo la kupulizia. Zile bandeji za kuzungushia bomba, ambazo baadhi yenu mmezipenda kwa sura yake, hushika maji ya mvua na kuyakumbatisha chuma. Bomba la chuma cha kawaida huoza chini yake bila kuonekana. Kinachomlinda abiria ni lile bati la kukinga mguu ambalo pikipiki ilikuja nalo, na ambalo wengi wenu mmelifungua. Lirudisheni. Na abiria akiungua, mguu umwagiwe maji safi ya baridi ya kawaida kwa dakika 20. Dawa ya meno, unga na asali huchelewesha matibabu.

Mwisho ni juu ya haki zenu. Sheria ya Ushindani Namba 8 ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu ubora, uwezo au manufaa ya bidhaa. Anayeandika au kutamka kwamba rangi inahimili joto isiloweza kulihimili anaguswa na sheria hiyo. Masuala ya ubora na viwango vya bidhaa yako chini ya Shirika la Viwango Tanzania. Lakini malalamiko yasiyo na ushahidi hayafiki mbali. Dai risiti ya mashine, na uhakikishe imeandikwa jina la bidhaa, si neno «vipuri» tu. Lihifadhi kopo hata likiisha, kwa kuwa namba ya toleo, jina la mtengenezaji na tarehe viko juu yake. Piga picha ya ekzosi kabla ya kupaka, baada ya kupaka, na rangi inapobabuka. Rudi kwanza kwa muuzaji ukiwa na vitu hivyo. Wengi wao nao wamepotoshwa na waliowauzia kwa jumla, na watakurudishia fedha au kopo jingine bila ugomvi. Akikataa, andika barua fupi yenye tarehe, bei na jina la duka, uambatanishe nakala, na uiwasilishe kwa ofisa biashara wa halmashauri au kwa taasisi hizo.

Tumeona baadhi yenu mmekuja na makopo. Mtupe dakika chache tuweke meza kivulini, kisha tuyasome maandishi yake pamoja, moja baada ya jingine, tukianza na yale yenye namba zisizo na herufi.